Tanuri la Udongo: Kulijenga na Kulitunza

Najua wengi wenu mkisikia neno hili mnawakumbuka Shadraka, Meshaki na Abednego pamoja na tanuru yao ya moto. Silo ninalokusudia. Tanuri la kwetu ni dogo, liko nyuma ya jikoni, halijamchoma mtu, na sehemu ya karo yangu hutoka humo. Shangazi huoka mikate na keki za kuuza sokoni Jumatano na Jumamosi.

Hili la sasa ni la pili. La kwanza lilijengwa na fundi wa kulipwa, na masika yalipokwisha lilikuwa chungu la matope. Fundi alisema ati moto wa Shangazi ulikuwa mkali mno. Mimi nasema moto hauna hatia. Tanuri la udongo huuawa na maji, na katika makala haya nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza tupate maneno, maana sisi ni chama cha Kiswahili. Tanuri limetoka kwa Waarabu, na ni ndugu wa tandoor ya Wahindi. Kule Pwani mkate wa mofa huokwa katika tanuri la udongo. Joko ni la mfinyanzi. Tena chungu huchomwa, mkate huokwa, na tofauti hiyo si ya maneno matupu. Udongo ukipata joto la nyuzi 600 hivi na kuendelea hugeuka kabisa. Hata ukiuloweka mwaka mzima haurudi kuwa tope. Ndiyo sababu mtungi huweka maji. Mkate nao hutaka nyuzi 200 hadi 250 tu. Basi ukuta wa tanuri huweza kuungua kidogo upande wa ndani unaolambwa na moto, lakini kwa nje unabaki tope lililokauka, basi. Mvua ikilipiga, linayeyuka kama sukari.

Kwa hiyo sisi tulianza na paa. Nguzo nne, mabati juu, nafasi ya kutosha ili ndimi za moto zisifike kwenye mbao. Halafu tukajenga msingi wa mawe hadi kiunoni, ili unyevu wa ardhini usipande na Shangazi asivunjike mgongo. Juu ya mawe tulimwaga majivu na vipande vya matofali ili joto lisikimbilie chini, kisha mchanga, kisha matofali ya kuchoma yaliyolazwa bila simenti. Hiyo ndiyo sakafu ya kuokea.

Udongo tuliutoa kwenye kichuguu. Mchwa ni mfinyanzi hodari: hupandisha udongo laini kutoka chini na kuugandisha kwa mate yake. Kuupima ni rahisi. Finyanga kijiti cha unene wa kidole, ukizungushe kidoleni. Kikikatika mara moja, tafuta kichuguu kingine. Lakini usijenge kwa udongo mtupu! Udongo hunywa maji ukafura, na ukikauka husinyaa, hapo ndipo nyufa huingia. Mchanga haufuri wala hausinyai. Tulifanya vitofali vitatu vya majaribio, kila kimoja na kipimo chake, tukaviacha wiki nzima kivulini. Kile cha debe moja la udongo kwa mawili ya mchanga hakikupasuka, basi tukakifuata hicho. Kukanyaga tuliwaachia watoto wa jirani, nao walifurahi kuliko siku ya Krismasi.

Kuba hujengwa juu ya rundo la mchanga mbichi. Letu lilikuwa na kimo cha sentimita 40. Tulilifunika kwa magazeti yaliyoloweshwa, tukapanga mabonge ya udongo kuanzia chini kwenda juu, unene wa sentimita 8 hadi 10. Bonge ligandamizwe kwenye bonge lenzake, si kwenye mchanga. Kesho yake, udongo ukiwa umekakamaa lakini bado unakatika kwa kisu, tukakata mlango na kuchota mchanga wote kwa mikono. Mlango una kimo cha sentimita 25, yaani kama asilimia 63 ya kimo cha kuba. Ukizidi hapo joto linatoroka. Ukipungua sana moto unakosa pumzi, na moshi utakutoa machozi. Baadaye tuliongeza koti la pili la udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, ili lishike joto.

Sasa hapa ndipo wengi huharibu. Tanuri likisimama, kila mtu anataka mkate leo leo. Ngoja, bwana! Maji yaliyojificha ukutani yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Muulize mwalimu wa Fizikia. Usipompa nafasi ya kutoka, mvuke atajipasulia njia mwenyewe. Sisi tuliliacha wiki mbili, kisha wiki moja ya moto mdogo wa vijiti kila jioni. Maadamu ukuta wa nje unatoa jasho, bado.

Siku ya kuoka, moto huwaka kama saa mbili. Kwanza dari huwa nyeusi kwa masizi. Joto likikolea masizi yenyewe huungua na dari kuwa nyeupe. Hiyo ndiyo ishara. Makaa hutolewa, sakafu hufagiwa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha Shangazi hurusha unga kidogo ndani. Ukiwa mweusi papo hapo, anangoja. Ukigeuka kahawia polepole, mikate inaingia. Keki hufuata joto likipungua, na usiku kuni za kesho hulala humo zikauke.

Utunzaji hauna mengi. Usizime moto kwa maji kamwe. Tanuri likikaa bila kazi wakati wa mvua, lianze tena kwa vijiti, kana kwamba ni jipya. Nyufa nyembamba kama unywele ziache. Ufa unaoingiza kucha ulowe kidogo, uzibe kwa mchanganyiko ule ule, mchanga ukizidi kiasi. Jirani mmoja alitushauri tupake simenti ili tumalize kazi. Shangazi alikataa, na alikuwa na haki: simenti na udongo havipanuki sawasawa kwenye joto, halafu simenti hufungia unyevu ndani, na baada ya muda hubanduka pamoja na kipande cha ukuta. Yeye hupaka samadi na majivu kila Desemba, kabla wageni hawajafika, na ndoo ya udongo wa kuzibia hukaa tayari chini ya gunia bichi.