Anayekoroma Hajisikii: Usingizi na Nuru ya Macho



Katika hosteli za Wandegeya na Kikoni tumezoea kumcheka mwenzetu anayekoroma. Lakini kuna kukoroma kusiko kwa mzaha: sauti inapanda, kisha kimya. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, halafu mtu hushtuka akivuta hewa kama aliyekabwa. Hii ni apnea ya usingizi. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, na oksijeni katika damu hushuka mara nyingi kwa usiku mmoja.

Macho yanaingiaje hapa? Neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo huhitaji damu yenye oksijeni muda wote. Tafiti kadhaa zimeona kwamba glakoma, ugonjwa unaoharibu neva hiyo, hupatikana zaidi kwa wenye apnea. Haijathibitishwa kwamba moja huleta nyingine, lakini uhusiano huo unatosha kututahadharisha.

Glakoma ya kawaida haiumi. Huanza kuula uoni wa pembeni, na kilichopotea hakirudi. Tiba hulinda kilichobaki. Sisi Waafrika tuko katika hatari zaidi. Uchunguzi wa Kongwa, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, uliwakuta nayo takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Kwa kuwa anayelala hajisikii, shahidi ni wewe uliye karibu. Ukienda nyumbani kwa Iddi, jiulize kuhusu mzee wako: Anakoroma kwa nguvu? Pumzi hukatika? Husinzia mchana, hata wakati wa khutba? Ana presha ya damu? Amepita miaka 50? Ni mnene sana? Shingo yake ni nene? Ni mwanamume? Madaktari hutumia maswali kama haya; "ndiyo" tatu zinatosha kumpeleka akapimwe.

Apimwe na macho pia. Mulago na Mengo zina kliniki za macho. Aombe neva itazamwe, si kupimwa miwani tu wala presha ya jicho peke yake, maana neva huweza kuharibika presha ikiwa ya kawaida.

Macho ni amana, na kutafuta tiba ni katika Sunna. Basi mwenzako akikatika pumzi usiku, usimgeuze ubavu ukanyamaza. Asubuhi, baada ya Alfajiri, mwambie ulichosikia.