Faili la Windows Lisipofunguka kwenye Mac

Somo la tajwidi likitumwa kutoka Mbeya, na Mac iliyoko Iringa ikakataa kulifungua, tusiharakie kulifuta. Kwanza tutazame herufi za mwisho za jina lake.

Likiishia .pdf au .mp3, Mac hulifungua. Likiishia .docx, tutumie LibreOffice, nayo ni ya bure. Likiishia .exe, hiyo ni programu iliyoundwa kwa ajili ya Windows. Kulibadili jina hakusaidii.

Wine (ni jina tu, si kinywaji!), iliyoanzishwa mwaka 1993, huendesha baadhi ya programu hizo. Lakini .exe tusiyojua ilikotoka tusiifungue kabisa. Yaliyomo yakiwa maandishi tu, tumwombe aliyetuma atupatie kwa PDF.

Nasi tunapotuma tukumbuke: somo lisilofunguka halijamfikia mwenzetu.