SOMO: NANI ALIISOMA ILE DEKRETI?



Somo la leo linahusu siasa. Tunajua wengi mmechoka nayo. Tunaanzia mbali, Marekani, nchi iliyozoea kutuma watu kuangalia chaguzi za wengine. Novemba 2020 Rais Donald Trump alishindwa na Joe Biden, naye akasema kura zimeibwa. Kesi zaidi ya 60 zilipelekwa mahakamani, karibu zote zikaanguka, lakini mamilioni waliendelea kuamini. Tarehe 6 Januari 2021 umati ukavunja milango ya bunge huko Washington. Watu wale hawakukosa shule, redio wala mahakama. Ila kila upande ulikuwa na habari zake, na neno la jirani wa upande wa pili lilihesabiwa uongo kabla hajalisema.

Hapa Fizi jambo hilo si geni. Kwa dekreti ya Juni 2013 serikali iliipa Minembwe hadhi ya komine. Tarehe 28 Septemba 2020 kiongozi wa komine hiyo alisimikwa mbele ya wageni wakubwa, na maneno yakawaka nchi nzima. Wengine walisema Kongo inakatwa vipande na kupewa wageni. Upande wa pili wakasema kila anayeuliza juu ya mipaka anataka kuwamaliza Banyamulenge. Tarehe 8 Oktoba 2020 Rais Tshisekedi, akiwa Goma, alitangaza kuifuta hatua hiyo.

Lakini dekreti ile haikuwa ya Minembwe peke yake. Ni hiyohiyo iliyoipa Baraka hadhi ya mji. Wangapi walijua? Sisi wenyewe tunaoandika tuliizungumzia muda mrefu kabla ya kuitafuta na kuisoma.

Hatusemi malalamiko yote yalikuwa uvumi. Chifu anayeuliza komine itachukua ardhi ya nani anauliza swali la haki, na swali hilo hujibiwa kwa ramani na mkutano. «Nchi imeuzwa» haijibiwi kwa ramani. Neno la namna hiyo linamgeuza jirani kuwa adui, na adui hapewi nafasi ya kujieleza.

Oktoba 2021 vijiji vya Bibokoboko vilishambuliwa, nyumba zikachomwa, nanyi mkashuka Baraka na mlichoweza kubeba. Hatudai kwamba maneno peke yake yalichoma nyumba. Silaha zilikuwapo, na vidonda vya 1996, na vya Makobola mwishoni mwa 1998, vilikuwa bado wazi. Lakini Desemba ya mwaka huohuo, huko Lweba, ofisa mmoja wa jeshi la taifa, Mnyamulenge, alitolewa kwenye gari na umati ukamwua. Alikuwa mwanajeshi wa nchi ileile ambayo huenda waliomwua walidhani wanaitetea. Umati ule haukumwuliza yeye ni nani. Ulikuwa umeshaambiwa.

Sasa tufike kambini. Sauti zinazopita kwenye WhatsApp mara nyingi hazina jina la msemaji, wala tarehe, wala mahali. Ya miaka mitatu iliyopita husambazwa kama ya jana, na mama aliyeacha mume mlimani hawezi kulala. Tunaomba viongozi wa kamati wasiirudie habari ya namna hiyo kwenye mkutano kabla ya kujua nani aliona, siku gani, kijiji gani. Tena kila kamati iwe na namba ya simu ya mtu mmoja wa kabila lingine anayeaminika, Mbembe kwa Mnyamulenge, Mnyamulenge kwa Mbembe, Mfuliiru na Mnyindu vilevile. Apigiwe kwanza. Tunajua ni vigumu kumpigia mtu ambaye watu wake unawaogopa, na wapo watakaokuita msaliti. Ndiyo maana tunasema namba hiyo itafutwe siku ya utulivu, si siku ya kelele.

Maswali ya kuzungumzia pamoja

Ni habari gani ulioiamini mwaka huu, kisha ukajua si kweli? Nani alikuletea, na wewe uliipeleka kwa nani?

Siku ya uchaguzi, mgombea wa kabila lako akishindwa, ni ushahidi gani utakaokufanya ukubali?

Kama kamati yenu ingempigia mtu wa upande wa pili leo jioni, mngempigia nani?