Kupima Figo Zilizojeruhiwa Ghafla: Mkojo wa Saa Hii, Damu ya Jana

Januari 2017 wachimbaji 15 waliofukiwa mgodini Nyarugusu, mkoani Geita, walitolewa wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wanaume watano waliokolewa baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Kwa msikilizaji wa redio habari za namna hii huishia pale mtu anapofika juu. Kwa mhudumu wa afya ndipo zinapoanza, kwa kuwa aliyekosa maji, au ambaye misuli yake imegandamizwa na kifusi, aweza kuongea vema ilhali figo zake zimekwisha kuanza kushindwa kazi.

Tutajuaje? Wengi hupeleka damu maabara ipimwe kreatinini, na jibu likiwa ndani ya kiwango cha kawaida hutulia. Hapo ndipo penye hatari. Kreatinini ni taka itokanayo na misuli. Figo zikiacha kuichuja hujilimbikiza katika damu kidogo kidogo, kama maji katika pipa lililozibwa tundu. Tuseme figo zote mbili zimesimama saa sita mchana. Saa nane kreatinini itakuwa karibu ile ile ya asubuhi, na kanuni ya kukadiria kasi ya mchujo itatoa jibu la kufurahisha, ingawa mchujo halisi ni sifuri. Kanuni hiyo ilitungwa kwa watu ambao kreatinini yao imetulia. Kwa mgonjwa huyu isitumike.

Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 hutazama mabadiliko badala ya namba moja. Kreatinini ikipanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ikafikia mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku saba, hilo ni jeraha la ghafla la figo. Mtu aliyekuwa na 65 jana na 95 leo amekwisha kuvuka mpaka, ingawa huenda karatasi ya maabara isiweke alama yoyote. Kwa aliyekonda, ambaye misuli yake ni michache, namba hudanganya zaidi.

Mkojo hutoa habari mapema. Chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa sita, ni dalili tosha. Mchimbaji wa kilo 60 anapaswa kutoa walau mililita 180 katika saa hizo sita, yaani kama nusu ya chupa ya soda. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala kitendanishi. Chahitaji chombo chenye alama, saa, na mtu wa kuandika. Katika vituo vingi ni huyo mtu anayekosekana, na ndugu wa mgonjwa akielekezwa aweza kusaidia.

Rangi nayo itazamwe. Mwaka 1941, London ikishambuliwa kwa mabomu, Eric Bywaters na mwenzake walieleza jinsi waliofukuliwa katika vifusi walivyokufa kwa figo siku chache baadaye. Mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, ambao kijiti huonyesha damu lakini hadubini haioni chembe nyekundu, unaashiria protini ya misuli iliyosagika. Mgonjwa huyo apewe maji ya chumvi ya kawaida mapema, ikiwezekana kabla kifusi hakijaondolewa mwilini, wala asipewe dripu yenye potasiamu, kwa maana potasiamu husimamisha moyo kabla kreatinini haijapanda sana. Akiwa amekwisha kupata maji ya kutosha na bado hakojoi, kuendelea kumjaza ni kumzamisha. Huyo ni wa kupelekwa penye usafishaji damu, kama Bugando, Mwanza.

Muulizeni pia kuhusu diklofenaki ya dukani, mitishamba, na kama huchoma dhahabu yenye zebaki. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni na sehemu kubwa huishia figoni. Protini katika mkojo yaweza kuwa ya miaka, si ya wiki hii.

Nawe mgonjwa uliyepona, rudi kupimwa baada ya miezi mitatu, na karatasi ya majibu ya leo uje nayo.