Taa Inayojua Machweo

Jua likichwa, mtu aliye nyumbani huwasha taa yake, na kukicha huizima. Kazi hii ni ndogo, wala hakuna aionaye kuwa mzigo. Lakini ziko taa zisizo na mtu karibu nazo, kama taa iliyo juu ya mwamba baharini, au taa ya boya lielealo mlangoni mwa bandari. Taa ya namna hii isipowaka usiku mmoja tu, merikebu yaweza kugonga mwamba na watu wakafa maji. Tena ikiachwa kuwaka usiku na mchana, akiba yake huisha upesi, nayo huzimika wakati ule inapotakiwa. Basi, taa yawezaje kujua yenyewe kwamba jua limekuchwa?

Labda mtu atajibu, "Itiwe saa, iwashwe saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi." Katika nchi zilizo karibu na Ikweta jibu hilo lafaa kidogo, kwa maana huko mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Lakini sivyo kila mahali. Katika mji wa Stockholm, nchi ya Uswidi, mchana wa mwezi wa Juni hupita saa 18, na mchana wa mwezi wa Desemba ni kama saa 6 tu. Tena, hata karibu na Ikweta, mawingu mazito huweza kuleta giza kabla ya saa yake. Kwa hiyo ilitakiwa taa itazamayo mwanga wenyewe, si saa.

Vali ya jua

Katika nchi hiyo ya Uswidi alizaliwa mtu aitwaye Gustaf Dalén, mwaka 1869. Alipokuwa mtu mzima alishughulika na taa za baharini zilizowashwa kwa gesi ya asetilini, ambayo hupatikana kwa kuchanganya kabaidi na maji. Mwaka 1907 alibuni kifaa kilichoitwa vali ya jua.

Kifaa hicho kilikuwa na fito nne za madini. Tatu zilisuguliwa zikang'aa kama kioo, na mmoja ulikuwa mweusi. Kila mtu aliyepata kuvaa nguo nyeusi juani ajua kwamba kitu cheusi hunywa mwanga na kupata moto, na kitu king'aacho huurudisha mwanga. Tena madini yakipata moto hurefuka kidogo. Basi mchana ufito mweusi ulirefuka kuliko wenziwe, ukasukuma kilango cha gesi kikafungika. Jioni ulipoa, ukarudi urefu wake wa kwanza. Kilango kikafunguka, gesi ikapita, ikashika moto kutoka katika mwali mdogo uliowaka daima.

Hapa yafaa kuuliza, kwa nini fito ziwe nne, wala si mmoja mweusi peke yake? Sababu ni hii. Hewa yenye joto huzirefusha fito zote sawasawa, ya usiku au ya mchana. Kama ungekuwako ufito mweusi tu, usiku wa joto ungaliweza kuifunga gesi, na merikebu zingalikosa taa. Lakini kilango kilifuata tofauti iliyo kati ya ufito mweusi na zile zing'aazo, na tofauti hiyo huletwa na mwanga peke yake.

Mwaka 1912 Dalén alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa ajili ya kazi hiyo ya taa za baharini. Lakini hakuweza kwenda kuipokea kwa mkono wake. Katika mwaka huo huo, alipokuwa akijaribu gesi ya asetilini, ililipuka ikamwunguza vibaya, naye akapofuka macho yote mawili. Ndugu yake, aliyekuwa daktari wa macho, alikwenda kuipokea badala yake. Dalén hakuiacha kazi yake. Aliendelea kuiongoza kampuni yake na kubuni vitu hata alipokufa mwaka 1937. Yeye mwenyewe hakuiona nuru tena miaka ile yote, lakini mabaharia wengi waliifuata nuru ya taa zake wakafika bandarini salama.

Jicho la umeme

Siku hizi taa nyingi za nje huwaka kwa umeme, nazo pia zina kifaa kitambuacho mwanga. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, aliyekuwa fundi wa nyaya za telegrafu zipitazo chini ya bahari, alitangaza jambo la ajabu. Madini yaitwayo seleni yalipitisha umeme vizuri zaidi yalipomulikwa kuliko yalipokuwa gizani.

Katika swichi nyingi za mwanga mna jicho dogo lenye tabia kama hiyo. Gizani jicho huwa na ukinzani mkubwa, yaani huuzuia umeme sana. Penye mwanga ukinzani wake hupungua, na umeme kidogo hupita. Umeme huo ni mchache mno, hauwezi kuwasha taa. Kazi yake ni kupeleka habari tu. Swichi ikipata habari kwamba ni mchana, huikata njia ya umeme uendao kwenye taa. Ikipata habari kwamba ni giza, huiunganisha.

Kuunganisha nyaya

Chukua mfano wa zahanati iliyo mbali kidogo na barabara. Wagonjwa hufika usiku, na pengine mama hubeba mtoto mwenye homa katika njia yenye mawe na nyoka. Yatakiwa taa 4 za njiani za volti 12, kila moja ya wati 6.

Kwanza fundi hana budi kufanya hesabu. Wati 6 mara 4 ni wati 24. Wati 24 zikigawanywa kwa volti 12 hupatikana ampea 2. Taa zikiwaka saa 12 usiku kucha, zitatumia ampea 2 mara saa 12, yaani ampea-saa 24. Betri ya risasi huharibika upesi ikimalizwa kabisa kila usiku. Kwa hiyo yafaa betri ya ampea-saa 50 hivi, ili itumike nusu tu, nayo ijazwe mchana kwa paneli ya jua.

Pili, waya utokao upande wa chanya wa betri utiwe fyuzi ya ampea 3, karibu kabisa na betri. Volti 12 hazimpigi mtu kama umeme wa nyumbani, lakini nyaya zikigusana, betri huweza kuzitia moto hata nyumba ikaungua. Fyuzi hukatika kwanza, na hasara huishia hapo.

Tatu, swichi nyingi za mwanga za aina hii zina nyaya tatu. Mmoja hupokea umeme kutoka kwenye fyuzi. Wa pili hupeleka umeme kwenye taa. Wa tatu huungwa na upande wa hasi wa betri, ili swichi yenyewe ipate umeme wa kufanyia kazi yake. Upande wa hasi wa taa zote nao hurudi kwenye hasi ya betri. Rangi za nyaya si sawa kwa kila mtengenezaji. Basi fundi mwenye busara husoma karatasi iliyokuja na swichi, wala habahatishi.

Nne, nyaya zipitishwazo ardhini zitiwe katika bomba, zisije zikakatwa na jembe, na viungo vyote vikazwe na kufunikwa visiingie maji. Wakati wote wa kazi fyuzi iwe imetolewa.

Mahali pa jicho

Kazi ikiisha, jicho hufunikwa kwa kitambaa cheusi kizito mchana, ili kuona kama taa zitawaka. Zisipowaka mara moja, fundi asifadhaike. Swichi nyingine hungoja kidogo, zisije zikadanganywa na kivuli cha ndege au mwanga wa radi.

Lakini liko kosa moja liwapatalo wengi, nalo ni kuliweka jicho mahali linapomulikwa na taa lizitawalazo. Jioni taa huwaka. Jicho huona mwanga likadhani kumekucha, taa zikazimika. Jicho huona giza, taa zikawaka tena. Huendelea hivyo usiku kucha, na yule mama mwenye mtoto hukanyaga hatua moja katika nuru na ya pili katika giza. Nyaya zote zaweza kuwa zimeunganishwa sawasawa, na bado kazi ikawa bure. Dawa yake si kununua swichi nyingine, bali kuligeuza jicho litazame mbingu, mbali na taa, pasipo kivuli cha mti wala paa.

Umeme wa nyumbani wa volti 230 huua. Huo ni kazi ya fundi aliyefunzwa, wala mwanafunzi asiuguse.

Maswali

1. Kwa nini saa haikufaa kuwasha taa za baharini za Uswidi?
2. Eleza kazi ya ufito mweusi na kazi ya fito zing'aazo.
3. Ukinzani wa jicho la umeme huwaje gizani, na huwaje penye mwanga?
4. Shule ina taa 5 za volti 12, kila moja ya wati 12. Taa zote pamoja hutumia ampea ngapi? Zikiwaka saa 10, zitatumia ampea-saa ngapi?
5. Taa huwaka na kuzimika usiku kucha. Fundi atazame nini kwanza?
6. Gustaf Dalén alipofuka macho, lakini hakuacha kazi. Andika sentensi tano juu ya jambo hilo.