Alama za Vidole na Daftari la Wapiga Kura

Hadi uchaguzi mkuu wa mwaka 2000, orodha ya wapiga kura nchini iliandikwa upya kila uchaguzi ulipokaribia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka huo yaliweka Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na mwaka 2004 uandikishaji wake ukaanza. Mwandikishaji alijaza fomu kwa kutia weusi katika nafasi zilizopangwa, na mashine ikazisoma kwa mwanga: penye weusi mwanga haurudi, penye weupe hurudi. Mashine ya namna hii ni hodari wa kusoma, lakini haimtambui mtu. Mkazi wa Bagamoyo aliyejiandikisha Dunda kwa jina moja, kisha Kaole kwa jina jingine, alionekana kuwa watu wawili.

Upungufu huo ndio ulioleta mfumo wa BVR, unaochukua picha ya uso na alama za vidole. Ulijaribiwa Desemba 2014 katika Kawe, Kilombero na Mlele, na Februari 2015 kazi yenyewe ikaanzia Makambako. Mashine zilihamishwa mkoa baada ya mkoa, na muda ukapita kuliko ilivyotarajiwa, hata kura ya maoni kuhusu Katiba Inayopendekezwa, iliyokuwa ifanyike tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa.

Tuitazame sasa ncha ya kidole. Ngozi yake ina matuta membamba yaliyojipanga kwa mistari. Baadhi ya mistari hukatika ghafla, mingine hugawanyika panda. Kompyuta haihifadhi picha peke yake, bali pia mahali pa kila mkato na kila panda, kama baharia anavyotia miamba katika ramani. Ramani mbili zikilingana vya kutosha, husemwa kuwa ni za mtu mmoja.

Ugumu umo katika wingi wa kulinganisha. Kijiji chenye watu 1,000 kina jozi 499,500, kwa kuwa kila mtu hulinganishwa na wenzake 999 na jozi moja haihesabiwi mara mbili. Watu milioni 20 hufanya jozi zipatazo trilioni 200. Hata kama mashine ingekosea mara moja tu katika kila jozi bilioni moja, ingetangaza jozi 200,000 za uongo, yaani raia wasio na hatia wangeshukiwa kujiandikisha mara mbili. Ndiyo maana kidole kimoja hakitoshi, na ndiyo maana hapana budi jicho la binadamu litazame picha kabla ya jina la mtu kufutwa. Mwandishi huyu haoni sababu ya kuiachia kompyuta hukumu hiyo.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo linaihusu pwani yetu hasa. Mvuvi avutaye jarife, mama wa Mlingotini afungaye mwani kwenye kamba, na kibarua wa mashamba ya chumvi ya Saadani, wote husugua ncha za vidole kila siku. Matuta hulika, maji ya chumvi huikunja ngozi, na kioo cha mashine huona ukungu mtupu. Kwa bahati njema, mpangilio wa matuta una asili yake ndani zaidi ya ngozi ya juu. Mtu akipumzika kazi hiyo kwa siku kadhaa matuta hurudi vilevile, isipokuwa penye kovu la jeraha refu. Aendaye kuandikishwa na anawe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ajifute vizuri, na vidole vikikauka mno apake mafuta kidogo sana. Mwandikishaji naye asafishe kioo na kujaribu vidole vingine. Ikishindikana kabisa, picha ya uso ipo. Mikono iliyochakaa kwa kazi si sababu ya kumnyima mtu kura yake.

Katika uchaguzi wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, vifaa vingi vya kutambua wapiga kura kwa vidole viliharibika au kuishiwa umeme vituoni, na wasimamizi wakarudia orodha za karatasi. Karatasi hizo zilikuwapo mezani. Bila hizo watu wengi wangerudi nyumbani bila kupiga kura.