Leza na Ngozi Nyeusi: Umuhimu wa Mtaalamu Mzoefu

Mwanafunzi wa fizikia wa Shule ya Sekondari Kibaha, au wa Minaki wilayani Kisarawe, hufundishwa kwamba kitu cheusi humeza mwanga kuliko cheupe. Akisikia kuwa makovu ya chunusi husawazishwa kwa leza, na kwamba ngozi nyeusi yahitaji hadhari zaidi, huenda akadhani kuwa sababu ni hiyo. Katika kazi hii sababu kubwa ni nyingine.

Leza hufanyaje kazi?

Leza ya kwanza iliundwa na Theodore Maiman, Marekani, mwaka 1960. Leza ya kabonidayoksaidi, aliyoivumbua Kumar Patel mwaka 1964, hutoa mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600. Mwanga huo humezwa na maji, wala si na melanini, yaani rangi ya ngozi. Kwa kuwa seli zimejaa maji, tabaka jembamba la juu hugeuka mvuke, na ngozi mpya huota mahali pake.

Hatari iko wapi?

Hatari imo katika joto linalobaki. Pigo la mwanga likizidi kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde, joto hupenya chini na kuunguza. Ngozi iliyoungua huvimba, na seli zitengenezazo melanini huitoa kwa wingi; hutokea madoa meusi yanayoweza kudumu miezi mingi. Seli hizo zikifa, hubaki mabaka meupe, pengine maisha yote. Watu wenye ngozi nyeusi hupatwa zaidi na madoa hayo, na pia na makovu yanayotuna.

Jaribio

Mbele ya mwalimu, na ndoo ya mchanga ikiwa karibu, pitisha karatasi upesi juu ya mwali wa mshumaa. Haiungui. Ipitishe polepole: inababuka. Mwali ni uleule. Muda ndio uliobadilika.

Kazi ya uzoefu

Mashine haimtambui mgonjwa. Mtaalamu ndiye achaguaye nguvu, muda wa pigo na idadi ya mapito, naye hutambua kwa macho wakati wa kukoma. Aliyezoea ngozi nyeupe pekee hajazoea ngozi zote. Mzoefu huuliza kwanza kama mgonjwa ana makovu yaliyotuna, hujaribu sehemu ndogo na kungoja matokeo. Aweza pia kutumia njia iliyoelezwa mwaka 2004, ya kuunguza vijisehemu vidogo mno na kuacha ngozi nzima katikati yake ili uponaji uharakishwe. Njia hiyo hupunguza hatari, lakini haiiondoi.

Hivyo, kabla ya kukubali, mgonjwa hana budi kuuliza: umewatibu wangapi wenye ngozi kama yangu, na walipona vipi?

Maswali

1. Kwa nini pigo fupi huunguza kidogo kuliko refu?
2. Eleza jinsi doa jeusi na baka jeupe yanavyotokana na joto lilelile.